Lingzhi: Uyoga mwekundu wa Wachina, kazi yake na tahadhari zake

Kwa wakazi wanaohudhuria kliniki za kisukari na presha, habari ya kahawa ya uyoga si ngeni. Huletwa na jirani, na mwenzao wa chama au na jamaa aliyejiunga na mtandao wa wauzaji, ikiwa katika vipakiti vidogo vya kukoroga kwa maji moto au katika vidonge vya rangi ya kahawia. Juu ya boksi huandikwa ganoderma, reishi au lingzhi. Majina yote matatu ni ya uyoga mmoja: la kwanza ni la wanasayansi, la pili la Wajapani, na la tatu ni la Wachina wenyewe.

Maelezo ya mdomo huwa marefu kuliko maandishi ya boksi. Uyoga huo, husemwa, hushusha sukari, husafisha damu, huyeyusha uvimbe na kumpa mzee usingizi wa mtoto mchanga. Kisha hufuata hoja ya kufunga mazungumzo: Wachina wameutumia kwa miaka elfu mbili.

Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini waliutumiaje, walimpa mgonjwa wa aina gani, na walikuwa na shaka gani nao, hiyo ni habari isiyokuja pamoja na boksi. Nayo ndiyo inayomhusu zaidi mgonjwa mwenye kadi ya kliniki mkononi na vidonge vya hospitali mezani, ambaye ameanza kujiuliza kama vidonge hivyo bado vina kazi.

Uyoga usiotafunika

Anayeujua uyoga wa kupika, ule mweupe wa kukaangwa na kitunguu, hataona udugu wowote kati yake na lingzhi. Huu ni mgumu kama ubao. Huota ubavuni mwa shina au kwenye kisiki cha mti wa mbao ngumu, umekaa kama rafu ndogo yenye umbo la figo. Juu ni mwekundu uliokolea na unang'aa utadhani umepakwa vanishi, na jina la kisayansi latokana na mng'ao huo: ganoderma limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi inayong'aa. Upande wa chini una vitundu vidogo mno, na humo hutoka spora, vumbi la kahawia ambalo ndilo mbegu zake.

Hakuna anayeutia sufuriani kama kitoweo, kwa kuwa hautafuniki na ni mchungu. Desturi ya Kichina ni kuukausha, kuukata vipande vyembamba na kuvichemsha kwa moto mdogo kwa muda mrefu. Mgonjwa hunywa maji yake, na vipande hutupwa. Jambo hilo la kuchemsha linaonekana dogo, lakini litarejea mbele katika habari za ini.

Porini uyoga huu ulikuwa adimu, na kwa karne nyingi aliyeupata alikuwa tajiri au mwenye bahati. Hali ilibadilika katika miaka ya 1960 na 1970, wataalamu wa China na Japani walipofaulu kuukuza kwa mikono, juu ya magogo na katika mifuko ya vumbi la mbao. Bila kilimo hicho kusingekuwa na kahawa ya vipakiti. Uyoga uliokuwa wa wafalme sasa huvunwa kwa tani, na kilichovunwa kwa tani lazima kitafutiwe wanunuzi.

Wafalme, hadithi na daktari mwenye shaka

Mwaka 109 kabla ya Kristo, uyoga wa jamii hii uliota ndani ya jumba la kifalme la Ganquan. Mfalme Wu wa ukoo wa Han aliichukulia kuwa ishara njema kutoka mbinguni na akatangaza msamaha kwa wafungwa. Tangu hapo lingzhi ilichongwa kwenye mbao na mawe na kushonwa kwenye hariri kama alama ya maisha marefu. Wachina hadi leo husimuliana hadithi ya Nyoka Mweupe, mwanamke aliyekuwa nyoka, ambaye mumewe alikufa kwa mshtuko alipoliona umbo lake halisi. Mke huyo alipanda mlima wa miungu kwenda kuiba mmea wa uhai, na katika masimulizi mengi mmea wenyewe ni lingzhi. Mume akafufuka.

Ni rahisi kuona jinsi sifa za namna hii zinavyomfaa muuzaji. Vitabu vya waganga, hata hivyo, vilikuwa na lugha ya kupima zaidi.

Kitabu kikongwe cha dawa za Kichina, Shennong Bencao Jing, kilikusanywa takriban miaka elfu mbili iliyopita. Kinaorodhesha dawa 365, idadi sawa na siku za mwaka, na kuzigawa katika madaraja matatu. Daraja la juu lina dawa 120 za kulea uhai, zisizo na sumu, ambazo mtu anaweza kuzitumia kwa muda mrefu. Daraja la kati lina 120 nyingine, baadhi zina sumu na baadhi hazina. Daraja la chini lina 125, nazo ndizo za kupambana na ugonjwa wenyewe. Nyingi kati ya hizo za chini zina sumu, na kitabu kinaonya zisitumiwe kwa muda mrefu.

Lingzhi imo katika daraja la juu. Imetajwa kwa rangi sita, yaani nyekundu, nyeusi, kijani, nyeupe, njano na zambarau, na kila rangi ikapewa ladha yake na sehemu ya mwili inayoisaidia. Wauzaji hupenda kulitaja daraja hilo kana kwamba ni medali ya dhahabu. Lakini mpangilio wa kitabu unasema jambo jingine: dawa ya daraja la juu ni ya kumwimarisha mtu, na kazi kuu ya kupigana na maradhi imeachiwa daraja la chini. Mwandishi wa kale mwenyewe hakuweka uyoga huu katika kundi la dawa zinazotumwa vitani.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Li Shizhen, daktari aliyekamilisha mwaka 1578 kitabu kikubwa cha dawa kiitwacho Bencao Gangmu. Kilichapishwa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kifo chake, kikiwa na dawa 1,892. Li alikusanya yote yaliyosemwa kuhusu uyoga huu, kisha akasema wazi kwamba unaota kutokana na uozo, kama uvimbe unavyoota katika mwili wa mtu, na kwamba wanaouita mmea wa baraka na kudai kuwa ukiliwa humfanya mtu asife wamepotoka. Huyo hakuwa daktari wa kigeni mwenye dharau. Ni jina linaloheshimiwa kuliko karibu majina yote katika historia ya dawa za Kichina, naye aliuacha uyoga kwenye orodha yake akiyakataa majigambo.

Daktari wa Kichina anautumiaje leo

Nchini China tiba ya asili ina vyuo vyake, hospitali zake na kitabu rasmi cha dawa kinachotolewa na serikali. Lingzhi imo katika kitabu hicho tangu toleo la mwaka 2000, na aina zinazotambuliwa ni mbili tu, nyekundu na zambarau. Kimeandikwa kwamba ladha yake ni tamu na tabia yake ni ya wastani, si ya moto wala ya baridi, na kwamba hufanya kazi katika moyo, mapafu, ini na figo. Anayeijua ladha yake chungu atashangaa kusoma neno tamu. Katika tiba hiyo, ladha ya kitabuni hueleza kazi ya dawa mwilini kuliko kile ulimi unachohisi.

Matumizi yaliyoandikwa ni machache. Ni kwa mtu asiyepata usingizi na mwenye moyo unaodunda kwa wasiwasi, kwa mwenye kikohozi cha muda mrefu na pumzi fupi kutokana na mapafu dhaifu, na kwa aliyechoka mwili, asiye na hamu ya kula. Kiasi ni gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu kwa siku, zikichemshwa. Tiba ya kisukari haimo katika maelezo hayo, wala ya saratani.

Msingi wake ni fikra ya qi, nguvu ya uhai ambayo waganga hao husema inazunguka mwilini. Ikipungua, mtu hudhoofika, na lingzhi ni moja ya dawa za kuiongeza. Lakini kabla ya kuitoa, daktari huutazama ulimi wa mgonjwa, rangi yake na utando wake, na kushika mapigo ya damu katika mikono yote miwili. Huuliza kuhusu usingizi, choo, jasho na kiu. Watu wawili wenye malalamiko yaleyale ya kukosa usingizi wanaweza kutoka na dawa mbili tofauti, kwa kuwa mmoja ameonekana kuwa na upungufu na mwingine amezidiwa na joto.

Ni nadra pia lingzhi kutolewa peke yake. Kwa mwenye kukosa usingizi huweza kuchanganywa na mbegu za mti wa jamii ya mkunazi, na kwa aliyechoka huchanganywa na mizizi ya kutia nguvu kama ginseng. Vitabu vya kale vilitaja hata vitu ambavyo haifai kukutana navyo katika chungu kimoja.

Kuna wakati ambapo daktari huyo huiweka kando. Mgonjwa akiwa na homa kali au mafua yaliyomwingia karibuni, dawa za kuongeza nguvu kwa kawaida husitishwa. Waganga wa Kichina hulinganisha kosa la kuzitoa wakati huo na kufunga mlango ilhali mwizi angali ndani ya nyumba. Ajabu ni kwamba kahawa ya vipakiti hunadiwa zaidi msimu wa mafua.

Yote haya, yaani ulimi, mapigo, mchanganyiko, kipimo na muda, hupotea uyoga unapogeuzwa kipakiti kimoja cha kila mtu. Anayesema anafuata desturi ya Wachina kwa kunywa vikombe vitatu kwa siku bila kuonwa na yeyote, anafuata desturi ya wauzaji.

Majaribio yamepata nini

Maabara zimeuchunguza uyoga huu kwa miongo kadhaa, na haukutoka mikono mitupu. Makundi mawili ya kemikali ndiyo yaliyovuta macho. La kwanza ni sukari za minyororo mirefu, ambazo katika vyombo vya maabara na kwa wanyama huziamsha seli za kinga ya mwili. La pili ni kemikali chungu ziitwazo triterpeni, ambazo ndizo zinazoupa uyoga uchungu wake. Kwa hivyo si maji matupu. Swali ni kama kinachotokea katika chupa ya maabara hutokea pia kwa mgonjwa.

Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio yaliyokwisha kufanywa, lilitoa tathmini iliyohuishwa mwaka 2016. Majaribio yaliyofaa yalikuwa 5 tu, yenye jumla ya watu 373. Waliopewa uyoga pamoja na tibakemikali au mionzi walionekana kuitikia matibabu vizuri kidogo kuliko waliopewa matibabu hayo pekee, na baadhi ya viashiria vya kinga vilipanda. Uyoga peke yake haukuonyesha kupunguza uvimbe. Hitimisho la wachunguzi lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza ya saratani, na wala haukuonyesha kama unarefusha maisha. Neno la kuzingatia hapo ni pamoja. Hata matokeo mazuri kuliko yote yalipatikana kwa watu ambao hawakuacha hospitali.

Kuhusu kisukari habari ni fupi. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2015 haikupata ushahidi kwamba lingzhi husaidia kudhibiti hatari za moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Jaribio moja nchini Australia liliwapa uyoga au kidonge kitupu watu 84 wenye kisukari na matatizo yanayoambatana nacho, kwa wiki 16. Sukari yao haikutofautiana.

Mgonjwa wa kisukari anayeacha metformini au insulini kwa sababu ya kahawa hii, basi, hakubadilisha dawa moja kwa nyingine. Ameacha dawa. Athari haionekani siku ya kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo: atajisikia salama kwa wiki kadhaa huku sukari ikipanda, mpaka kidonda cha mguu kikatae kupona au macho yaanze kufifia. Anayetumia ARV yuko katika hatari ya namna hiyo. Uyoga unaosifiwa kuongeza kinga haukizuii kirusi kuzaana dozi zinaporukwa, na kirusi kilichozoea kurukiwa dozi hujifunza kuishinda dawa yenyewe.

Nani ajihadhari zaidi

Kwa mtu mzima mwenye afya, madhara yanayotajwa mara nyingi ni madogo: kukauka mdomo na koo, tumbo kuvurugika, kuwashwa ngozi, pengine kutokwa damu puani. Hatari kubwa huwa kwa wale wale wanaouziwa zaidi, yaani wagonjwa ambao tayari wanameza dawa nyingine.

Uyoga huu unaweza kuipunguzia damu uwezo wa kuganda. Anayetumia warfarini, au aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, anaweza kutokwa damu kuliko ilivyokusudiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayesubiri upasuaji au kung'olewa jino anapaswa kumweleza daktari mapema. Madaktari wengi hutaka virutubisho vya mitishamba viachwe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Mama anayetarajia kujifungua kwa upasuaji yumo katika kundi hili. Kwa ujumla, usalama wa uyoga huu kwa wajawazito na wanaonyonyesha haujathibitishwa, hivyo ni bora waukwepe kabisa.

Unaweza pia kushusha presha na sukari ukichanganywa na dawa zenye kazi hiyo. Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama majaribio hayakuona sukari ikishuka, hatari inatoka wapi? Wastani wa watu wengi hausemi litakalompata mtu mmoja, na bidhaa moja haifanani na nyingine. Kizunguzungu, kutetemeka na jasho jembamba kwa mgonjwa wa kisukari ni dalili za kupima sukari papo hapo, hata kama kilichonywewa ni kahawa ya mitishamba.

Aliyepandikizwa figo anapewa dawa za kutuliza kinga ili mwili usiikatae figo ngeni. Kitu kinachosifiwa kwa kuamsha kinga hakimfai. Vivyo hivyo kwa wanaotibiwa magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe.

Kisha kuna ini. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong walichapisha taarifa ya mgonjwa aliyepata madhara ya ini baada ya kutumia lingzhi ya unga. Mwaka 2007 taarifa nyingine ilitoka Thailand, ambako ugonjwa wa ini uliohusishwa na unga wa lingzhi uliishia kwa kifo. Visa hivyo ni vichache ukilinganisha na mamilioni ya watumiaji, na havitoshi kuuita uyoga sumu. Lakini vyote viwili vilihusu unga, si maji ya uyoga uliochemshwa kama ilivyo desturi. Anayemeza unga humeza kila kitu kilichomo. Macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kichefuchefu kisichoisha na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu ni dalili za kuacha na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, si baada ya kumaliza boksi.

Kilichomo na kisichomo

Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa 19 za lingzhi zilizonunuliwa Marekani. Zilizothibitika kuwa na kemikali za uyoga uliotajwa kwenye lebo zilikuwa 5. Hiyo ni nchi yenye maabara nyingi na sheria kali, na bado mnunuzi mmoja kati ya wanne ndiye aliyepata alicholipia.

Kwa kahawa, jambo la kwanza la kusoma ni orodha ya viambato, ambayo huanza na kilicho kingi. Kahawa nyingi za namna hii zimechanganywa na sukari na maziwa ya unga, na uyoga hutajwa mwishoni. Mgonjwa wa kisukari anaweza kujikuta anakunywa sukari mara tatu kwa siku kama dawa ya sukari. Jambo la pili ni maandishi madogo, ambapo mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Sentensi hiyo iliandikwa na mtu anayeogopa kushtakiwa. Maneno ya muuzaji sebuleni hayaandikwi popote.

Wako pia wanaofikiri kukwepa gharama kwa kuchuma uyoga mgumu unaoota kwenye miti ya shambani au msituni. Wasifanye hivyo. Jamii ya ganoderma ina aina nyingi zinazofanana kwa macho, na nyingine ni magonjwa ya miti, kama ile inayoozesha michikichi katika mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia. Kutofautisha aina moja na nyingine huwatatiza hata wataalamu, wala rangi nyekundu si uthibitisho.

Kliniki na muuzaji

Wagonjwa wengi hawamwambii muuguzi kwamba wanatumia mitishamba kwa kuogopa kufokewa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya asili na tiba mbadala nchini Kenya, kwa hivyo kuitumia si kosa la kuficha. Kinachomkwaza daktari ni kutojua. Akiona presha imeshuka ghafla au damu haigandi, na hajui kuhusu vidonge vya kahawia, atabadilisha dozi ya dawa isiyo na hatia.

Njia nyepesi ni kubeba boksi lenyewe siku ya kliniki, pamoja na dawa zote zinazotumiwa nyumbani, na kuliweka mezani. Wasioweza kufika wanaweza kumwonyesha mhudumu wa afya ya jamii anapozuru nyumba, au mfamasia katika duka la dawa lililosajiliwa. Maswali ni matatu: je, kinaweza kugongana na dawa hizi, kipimo gani kifanywe kabla ya kukianza, na dalili zipi ziangaliwe? Aliyekwisha kuanza asiache dawa za hospitali, na akitaka kuendelea na uyoga akubaliane na daktari lini apimwe sukari, presha au ini.

Muuzaji naye aulizwe kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na aonyeshe nambari ya usajili. Bodi hiyo husimamia pia dawa za mitishamba na bidhaa saidizi za afya, na hupokea malalamiko ya madhara kutoka kwa mwananchi yeyote, si kwa madaktari pekee. Anayeshuku kwamba ameumizwa na bidhaa asitupe boksi hata likiwa tupu. Jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mfamasia wa kituo cha afya atahitaji ili kuijaza ripoti hiyo, na kujazwa kwake hakulipiwi.